Kabla ya mashine ya mkaa mbadala, jengeni banda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji niseme jambo lililonikaa rohoni tangu masika iliyopita. Magazeti yetu, lako likiwemo, hupenda kutoa picha za vikundi vikikabidhiwa mashine za kutengeneza mkaa mbadala. Mgeni rasmi amesimama, utepe umekatwa, akina mama wamevaa sare za kitenge, mashine ina rangi mpya. Nikiziona picha hizo huwa natafuta kitu kimoja nyuma ya watu, nacho ni banda. Natazama kama kuna paa la kuhifadhia pumba, magunzi au vumbi la mbao vitakavyoingia kwenye mashine ile. Mara nyingi silioni. Naona uwanja mtupu, na pengine lundo la malighafi limelala juu ya udongo.

Mimi ni mstaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliitumia kwenye boila za kiwanda cha sukari mkoani Morogoro, na sasa naishi Igurusi, wilayani Mbarali, kwenye mpunga. Kote kuwili nimeishi na mabaki ya mazao yanayochomwa ili yatoe joto. Na kwa yale niliyoyaona, miradi ya nishati ya namna hii haifi kwa kukosa mashine. Inafia pale malighafi inapowekwa kati ya siku ya mavuno na siku ya kuchomwa.

Nianze na bagasi, maana ndiko nilikojifunzia. Bagasi ni makapi yanayobaki muwa ukishakamuliwa. Kila tani ya miwa inayoingia kinuni huacha karibu kilo 300 za makapi hayo, na yakitoka kinuni karibu nusu ya uzito wake ni maji. Boila za viwanda vya sukari zimeundwa kuyala yakiwa mabichi hivyohivyo, na ndiyo yanayotoa mvuke wa kusukuma mitambo, kupika sukari na kuzungusha jenereta. Kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi kimefikia hatua ya kuiuzia TANESCO umeme unaozidi. Lakini muulize mtu yeyote wa boila akwambie tofauti ya bagasi mbichi na kavu. Kilo moja yenye nusu maji hutoa chini ya nusu ya joto la kilo moja iliyokauka kabisa. Sababu ni mbili: nusu ya ulichopima si kuni, ni maji, na moto wenyewe unalazimika kuyachemsha maji hayo na kuyapandisha kwenye bomba la moshi kabla haujakufanyia kazi yoyote. Ukichoma kitu kibichi, sehemu ya jasho lako inapanda juu na mvuke.

Msimu wa kukamua unapofungwa, kiwanda lazima kibaki na bagasi ya akiba. Kinu kikianza tena, boila inatakiwa iwe na mvuke kabla muwa wa kwanza haujapita, na usipokuwa na akiba utanunua kuni au mafuta mazito. Akiba hiyo inakaa uwanjani miezi ya mvua, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Lundo la makapi yenye unyevu ni kitu kilicho hai. Ndani yake kuna bakteria na ukungu wanaokula sukari iliyobaki kwenye nyuzi, na kila wanapokula wanatoa joto na maji zaidi. Kwenye lundo dogo joto hilo linatoka. Kwenye lundo refu halina pa kutokea. Linapanda mpaka nyuzijoto 60 au 70 za Selsiasi, vijidudu vyenyewe vinaanza kufa, lakini joto haliishii hapo. Makapi yaliyokwisha kupata moto huanza kuungana na hewa inayopenya pembeni, joto linazaa joto, na siku moja lundo linawaka bila mtu kupiga kiberiti. Sisi tulilisoma kwa pua na kwa macho. Kwanza harufu ya uchachu. Kisha alfajiri, wakati hewa ya nje ni baridi, unaona mvuke ukitoka kileleni. Ikifika harufu ya kuungua, umechelewa.

Kipimo chetu kilikuwa nondo ndefu. Unaichomeka ndani ya lundo, unaiacha ipate joto, unaichomoa na kuishika kwa mkono mtupu pale ilipozama zaidi. Kama huwezi kuendelea kuishika, buldoza inaitwa kulifungua lundo, lakini mabomba ya maji yawe yameshavutwa na watu wamesimama upande unaotoka upepo, kwa sababu lundo lenye moto tumboni likipata hewa ghafla hutoa miali. Vijana wa vikundi wanaonisoma wanaweza kuifanya kazi hiyohiyo kwa nondo ya milimita 12 na bila gharama yoyote.

Jambo jingine ambalo halisemwi kabisa ni vumbi. Bagasi iliyokaa ikaota ukungu, ikikauka na kuguswa, hutoa vumbi jeupe jepesi lenye mbegu za ukungu na bakteria wa joto. Ukilivuta siku baada ya siku mapafu yanawaka: homa za jioni, kikohozi kikavu, kifua kubana. Madaktari wanaufahamu ugonjwa huo na una jina lake linalotokana na bagasi yenyewe. Wengi wetu tulidhani ni malaria. Magunzi na majani yaliyoota ukungu nayo yanaweza kumdhuru mtu vivyo hivyo, na leo nawaona akina mama wakiyachekecha wakiwa na watoto mgongoni, bila barakoa.

Sasa nije nyumbani. Hapa Mbarali mpunga huvunwa kuanzia Mei, na mashine za kukoboa zilizopangana kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya huunguruma kiangazi chote. Gunia la kilo 100 la mpunga linaacha karibu kilo 20 za pumba ngumu. Pumba hizo zikitoka mashineni ni kavu, unyevu wake ni kama asilimia 10 tu. Siku hiyo ndiyo siku yake bora. Hazitakuwa kavu kuliko hapo bila wewe kuzitafutia jua. Na siku hiyo hutolewa bure au kwa bei ya kubebea, kwa sababu mwenye mashine anataka uwanja wake. Nyingine huchomwa hapohapo, moshi unatanda siku kadhaa, nyingine humwagwa karibu na mifereji. Wafyatua matofali huchukua sehemu kwa ajili ya matanuri yao, na wafugaji wa kuku wanachukua kidogo.

Mkaa, kwa upande mwingine, hupanda bei masika. Barabara za porini hazipitiki, matanuri ya mkaa yanaloa, gunia linakuwa adimu, na mama ntilie pamoja na shule wanatafuta kitu cha kupikia. Kwa hiyo malighafi inapatikana Juni na soko linapatikana Januari. Kati yake kuna mvua zinazoanza Novemba. Mtu asiye na paa hana biashara. Ana mashine tu.

Nimeshuhudia kikundi kimoja, sitakitaja jina, kilichopata mashine nzuri ya kusindilia kwa skrubu na hita. Ni watu wenye bidii, nawaheshimu. Walikusanya pumba nyingi Agosti, wakazirundika chini, na mawingu yalipoanza wakazifunika kwa turubai. Turubai lilizuia mvua ya juu, lakini maji yalipita chini kwenye udongo, na unyevu uliopanda kutoka ardhini ulikwama chini ya turubai na kudondoka tena juu ya pumba kila usiku. Kufikia Januari, wakati wateja walipokuwa wanapiga simu, tabaka la chini lilikuwa jeusi na la juu lina ukungu. Waliamua kuzisindilia hivyo hivyo. Mashine ya skrubu haikubali malighafi yenye unyevu mwingi: maji yanageuka mvuke ndani ya bomba lenye moto, mvuke unakosa njia, na vipande vinatoka kwa kishindo vikiwa vimepasuka. Fundi aliitwa, akaambiwa mashine ni mbovu. Mashine ilikuwa nzima. Skrubu ilikuwa imeanza kulika, ndiyo, lakini hiyo ni kawaida ya pumba za mpunga kwa kuwa zina madini ya silika kama mchanga, na ncha ya skrubu huhitaji kuchomelewa mara kwa mara. Kilichowaangusha ni paa ambalo halikuwepo. Leo mashine hiyo imefunikwa na lile turubai, na mkopo bado unalipwa.

Hapo ndipo moyo unaponiuma, Mhariri. Akina mama wale wanalipa deni la chuma kilichoonewa.

Watu huniuliza banda gani. Si ghala la kufungwa kwa kufuli. Kwa mabaki makavu kuta ni adui, kwa sababu zinazuia upepo. Ninalolisema ni paa la bati juu ya nguzo za mkaratusi, pande zote wazi au zimewekwa wavu wa kuzuia mbuzi na kuku, na mabati yashuke vya kutosha mvua ya kupeperushwa na upepo isifike ndani. Ardhi iinuliwe kwanza kwa kifusi na kushindiliwa, mtaro uchimbwe kuzunguka, kisha juu yake viwekwe vichanja vya mbao au miti, hewa ipite chini na mchwa waonekane wakianza kupanda. Pumba zitiwe kwenye viroba, kwani zikiwa huru tani moja inakula karibu mita 10 za ujazo na haibebeki. Viroba vipangwe kwa safu zenye njia kati yake, mtu apite na tochi na ile nondo. Mkaa uliokwisha kutengenezwa ukae peke yake mbali na malighafi, juu kabisa, mahali pakavu kuliko pote: mkaa ulioshikiliwa kwa uji wa muhogo ukilowa huota ukungu na kumeguka, na ule wa kusindiliwa kwa joto ukilowa huvimba na kurudi kuwa pumba. Banda lisikaribiane na jiko la kujaribia mkaa. Nasema hili kwa kuwa nimeona vyote viwili chini ya paa moja.

Na kuna kanuni moja ambayo singependa mtu aivunje hata kama amevunja nyingine zote: usichanganye kavu na bichi. Kiroba kimoja cha magunzi yaliyonyeshewa ukikitia katikati ya safu kavu, unyevu unahamia kwa jirani na joto linaanza palepale vinapogusana. Kilicholowa kianikwe kando kwanza, tabaka jembamba, kigeuzwe.

Magunzi, kwa wenzetu wa Mbozi na Ileje, yanadanganya kuliko pumba. Pumba ina ganda gumu na hukawia kuoza. Gunzi kwa nje linaonekana kavu, kumbe kile kiini laini cha katikati kimeshika maji. Livunje. Likivunjika kwa mlio na kiini kikawa chepesi, linafaa. Likipinda kwanza, lirudishe juani. Kwa vyote viwili unaweza pia kutumia kipimo cha chumvi tunachotumia kwa mahindi: chukua chupa ya kioo kavu, tia chumvi kavu kidogo na sampuli ya malighafi iliyokatwakatwa, funga, tikisa, acha dakika 10 au 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15 na hicho si cha kuweka. Kwa mashine ya skrubu utahitaji kukausha zaidi ya hapo, lakini kwa kuhifadhi, hapo pameshakuwa salama.

Najua si kila kitu kinafaa kukaushwa. Mabaki ya mkonge ni maji matupu. Nyuzi hazifikii hata asilimia 5 ya uzito wa jani, na yanayobaki ni uji wa kijani. Huo ukiuanika utachoka wewe kabla yake. Kule Hale mkoani Tanga waliuelekeza kwenye mtambo wa biogesi na kupata umeme, na hiyo ndiyo njia yake. Vivyo hivyo nyasi mbichi: mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe anajua kuzikatakata, kuzishindilia shimoni na kuzifunika kwa nailoni hewa isiingie, zikachacha na kudumu. Ujerumani, yenye mitambo ya biogesi zaidi ya 9,000, huhifadhi mahindi mabichi yaliyokatwa kwa njia hiyohiyo ya sileji, chini ya nailoni iliyokandamizwa kwa matairi mabovu, wakailisha mitambo mwaka mzima. Kikavu kipewe upepo na kibichi kinyimwe hewa. Hasara iko katikati, kwa kitu chenye unyevu nusu na hewa nusu, na katikati hapo ndipo vikundi vyetu vingi vilipo.

Wapo watakaosema banda ni gharama, heri kutengeneza mkaa kidogokidogo kadiri pumba zinavyotoka. Nimelisikia hilo kwa watu ninaowaheshimu. Linawezekana kwa mtu mwenye wateja kiangazi, na wapo wachache. Lakini shule haiwezi kusaini mkataba na mtu anayesema atatengeneza mkaa jua likiwaka. Na suala la shule si dogo. Serikali ilizielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mwezi Mei mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Gesi itafanya sehemu kubwa mijini. Huku kwetu, penye milima ya pumba, mkaa mbadala una nafasi yake halali, alimradi upatikane Februari kama unavyopatikana Septemba. Mpishi wa shule ana watoto wa kulisha saa 7 mchana mvua inyeshe isinyeshe, na akikosa mkaa wako mara mbili atarudi kwa muuza kuni, wala hutamlaumu.

Wengine wananiuliza kwa nini tusikusanye na mabua ya mahindi na majani ya mpunga mashambani. Hapo mimi nasita. Udongo nao unahitaji kula. Mabua yakiachwa shambani hulinda ardhi na kurudisha rutuba, na ng'ombe wanayategemea kiangazi. Tuanze na kile ambacho tayari kimeshaletwa kwenye mashine na sasa kinachomwa bure barabarani. Njombe pale, kampuni ya miwati ya TANWAT wamezalisha umeme kwa mabaki ya miti ya miwati tangu miaka ya 1990, na mashamba yao yanaendelea kuota.

Ombi langu linakwenda kwa wanaotoa fedha. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu imevisaidia vikundi vingi, na siombi ipunguzwe hata shilingi. Naomba kikundi kinachoomba mashine ya mkaa mbadala kiruhusiwe, tena kitakiwe, kuweka banda kwenye maombi yake, na fedha ya banda itoke kwanza. Mashine inunuliwe paa likishasimama. Kama fedha hazitoshi vyote viwili, basi ninunulie mashine ndogo na banda kubwa. Mashine ndogo inayofanya kazi miezi 12 itatoa mkaa mwingi kuliko kubwa inayolala tangu Desemba hadi Mei, na itamwacha mwenye mkopo akilala usingizi. Wanaojenga maghala ya mpunga kwenye skimu zetu za umwagiliaji wanaweza pia kuongeza paa la pembeni kwa ajili ya pumba. Mabati na mafundi wameshafika pale, na kinachoongezeka ni kidogo.

SIDO na vyuo vya VETA vinafundisha vizuri namna ya kuendesha na kutengeneza mashine. Ningefurahi mafunzo hayo yawe na siku moja nzima ya ghala: kupima unyevu, kupanga viroba, kutumia nondo, kuvaa barakoa, kuzima lundo linalofuka. Maafisa maendeleo ya jamii nao, wanapokuja kukagua kikundi, waombe kuoneshwa banda kabla ya kuoneshwa mashine.

Na kwa vikundi vya Igurusi, Chimala, Ubaruku na Rujewa vinavyotaka kupima uwanja na kuchora banda kabla mvua za Novemba hazijaanza: mimi nipo, miguu bado ina nguvu, na sidai malipo. Mje na futi kamba.

Fundi boila mstaafu,
Igurusi, Mbarali, Mbeya